Damu yake ni 7, wewe unahesabu siku ulizokosa unyumba

*Shangazi, nina miaka 38, naishi Morogoro na mke na watoto wawili. Mke wangu ana uvimbe kwenye kizazi, mwaka wa pili sasa. Operesheni imeahirishwa mara mbili kwa sababu yake: kila tukienda damu haitoshi, juzi ilikuwa 7.2, na dawa nilishamnunulia. Hospitali wanataka wachangia damu wawili, ndugu hawapatikani. Kutwa amelala, akiamka anatafuna udongo na barafu kama mjamzito. Unyumba nimeusahau. Mama anasema uvimbe huo ni wa mimba alizotoa usichanani. Kuna dada kazini ananisikiliza na kunionea huruma. Nivumilie mpaka lini? – Mvumilivu*

Mwanangu Mvumilivu, pole. Pole hiyo naigawa mafungu mawili, na fungu kubwa limwendee mkeo, ambaye hakupata nafasi ya kuandika.

Umesema imeahirishwa "kwa sababu yake". Kipimo hicho ni cha wingi wa damu (hemoglobini), na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Yeye ana 7.2. Operesheni ya uvimbe humwaga damu, na madaktari wengi hutaka ifike 10 hivi kabla ya kushika kisu, maana mwenye 7 hana akiba ya kupoteza. Huyo unayemwona amelala kutwa, moyo unamwenda mbio akivuka tu ua. Na huo udongo na barafu si deko wala mimba. Mwili uliokaukiwa madini ya chuma ndivyo unavyotamani. Ulikuwa na kipimo mbele ya macho yako, ukakiona kituko.

"Dawa nilishamnunulia." Lini, na anazimezaje? Nabashiri anazimeza asubuhi na chai. Chai, kahawa na maziwa huzuia chuma kuingia mwilini, kwa hiyo pesa yako inaishia chooni. Ameze kwa maji na chungwa au limau, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula, na chai ikae mbali. Kichefuchefu kikizidi, ameze na chakula kidogo kuliko kuacha. Choo kitakuwa cheusi, asiogope. Kitakuwa kigumu pia, na hapo ndipo wanawake wengi huacha dawa kimyakimya. Papai, mboga za majani na maji ya kutosha viwepo nyumbani. Maini na dagaa ni chakula kizuri, lakini kwa damu ya 7 chakula peke yake hakifui dafu. Juisi ya rozela nayo ni nyekundu tu. Wekundu wa juisi si damu.

Dawa zikimezwa sawasawa, damu hupanda kama pointi moja kila wiki mbili au tatu. Shida ni kwamba uvimbe huo huzidisha hedhi, kwa hiyo mkeo anajaza ndoo iliyotoboka, kila mwezi anamwaga damu aliyoipata. Mwambieni daktari waziwazi: anatokwa siku ngapi, pedi ngapi kwa siku, na kama kuna mabonge. Ziandikwe kwenye daftari, na kalamu uishike wewe. Kuna dawa za kupunguza hedhi kwa siku hizo, na kama tarehe iko karibu kuna chuma cha dripu. Maumivu yakimzidi asimeze aspirini, inaongeza kutoka damu. Pedi zikianza kulowa moja kila saa, akazimia au pumzi ikambana, ni hospitali usiku huohuo, hakuna kungoja tarehe.

Mama yako nampa heshima yake, ila hapo amepotoka. Uvimbe huu hauletwi na kutoa mimba. Unakua kwa homoni za kike, uko kwa wanawake wengi sana, wakiwemo wasiowahi kushika mimba, na mara nyingi sana si saratani. Maneno hayo yasirudi nyumbani kwako.

Unyumba? Mtu anayevuja damu siku nyingi za mwezi na kuumwa nyonga siku zilizobaki hajakunyima kitu. Jiandae kabisa: baada ya operesheni kuna kama wiki sita nyingine za kungoja, na hizo hatakiwi kubeba mizigo. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Hukusema nani anachota maji hapo nyumbani, nami nimeliona pengo hilo.

Ndoa za siku hizi zinanichekesha kwa uchungu. Kamati ya harusi inakaa miezi, watu wanachanga mpaka sare na keki kwa ajili ya usiku mmoja. Leo wanatakiwa watu wawili tu, simu hazipokelewi! Na wewe mwenyewe, wa miaka 38, hukusema kama umechangia. Mwanamume mwenye afya, kuanzia kilo 50, anaruhusiwa kila baada ya miezi mitatu. Anza wewe, kesho asubuhi, ukiwa umekunywa chai yako na kula.

Bado mmoja. Mwanamke huchangia kila baada ya miezi minne, na kwa kawaida si lazima kundi lake lifanane na la mkeo, kwa kuwa damu inaingia benki ya damu ya taifa, Damu Salama. Huyo dada wa kazini mwenye huruma nyingi, mwambie Damu Salama wanapokea.