Mkuu usilipie ukumbi kwa komenti za watu walioiona picha Marekani

Mdogo wangu shika hela yako kwanza. Nimeusoma uzi wako nimekaa hapa Makorora na kikombe mkononi nikakiweka chini. Umeuliza projekta gani inafaa, kiingilio kiwe kiasi gani, kibali kinapatikana wapi, na kama hiyo picha mpya ya viumbe wa anga za juu itavuta watu Iddi hapa Tanga, halafu mwishoni kabisa ndio unasema kesho asubuhi unapeleka advansi ya ukumbi kwa sababu walioiona siku ya kwanza huko Marekani wanasema ni moto, wametoka wanalia, hawajawahi kuona kitu kama kile. Maneno hayo hayo niliyasoma mimi, wallahi hayo hayo, na yalikula hela ya mchezo wa mke wangu, ule wa kuchangishana na kupokea kwa zamu.

Ilikuwa Iddi ya Juni 2017. Nina kibanda umiza changu cha kuonyesha video Ngamiani, wikiendi mpira wa Ulaya, katikati ya wiki picha zilizotafsiriwa, mia tano kichwa, mambo yanakwenda. Nikataka kukua. Nikasema Iddi pili nachukua ukumbi mkubwa, naweka kitambaa kikubwa, familia zije. Picha niliyoichagua ni Arrival, ilitoka Novemba 2016, kaiongoza Denis Villeneuve, ilitajwa vipengele nane vya Oscar ikachukua kimoja cha uhariri wa sauti. Vyombo kumi na viwili vya viumbe vinashuka sehemu mbalimbali duniani, kimoja Marekani, kingine Sudan, kingine Sierra Leone. Ukisikia hivyo tu unajua hapa kazi ipo si ndio?

Sikuiona. Naomba hapo usome mara mbili. Niliona treila, ina helikopta, ina wanajeshi, ina watu wamevaa magwanda ya machungwa wanapanda ndani ya chombo, na nilisoma komenti za watu mpaka saa nane usiku. Flashi yenye picha yenyewe ilikuwa droo ya kabati wiki nzima, sikuichomeka hata dakika kumi.

Na kuna jamaa yuko Dar, ana chaneli, anajiita mchambuzi wa picha, simtaji na wala msiniulize inbox. Huyu aliingia kwenye video yake akasema hii ndio vita ya binadamu na viumbe ambayo hujawahi kuiona. Nikamfuata pembeni nikamuuliza kaka hii itakwenda na watu wa kwetu? Dakika mbili nyingi kajibu, weka tu utanishukuru. Nilipomrudia baada ya kuumia nikamuuliza kwa upole kabisa, kaka wewe uliiona? Akasema aliona vipande vipande, mengine alisoma watu walivyosema. Mtu hajaiona anamhakikishia mtu ambaye hajaiona, na katikati kuna hela ya watoto wangu. Huyo mtu nina kinyongo naye mpaka leo na sioni haya kusema. Jana usiku nimemuona anaisifia hiyo ya kwako, sauti ile ile, mikono inapunga vile vile.

Sasa hesabu. Ukumbi 180,000. Spika na jenereta 150,000 maana umeme siku ya Iddi huuamini. Gari la matangazo siku mbili 120,000, linazunguka Makorora, Mabawa, Duga, linatangaza VITA YA VIUMBE WA ANGA ZA JUU, maneno nimeandika mimi kwa mkono wangu. Viti 75,000. Mabango 40,000. Jumla 565,000 na kati ya hizo 400,000 ni zamu ya mchezo ya mke wangu, aliyokuwa anaisubiri miezi kumi anunue cherehani. Niliingiza watu wazima 140 kwa elfu mbili na watoto 72 kwa elfu moja, piga mwenyewe ni 352,000. Nilirudisha 301,000 mlangoni usiku ule ule.

Ilivyokuwa ni hivi. Picha inaanza na mama na mtoto wake wa kike, mtoto anaumwa, mtoto anakufa. Watu wametulia, wanajua mwanzo huwa hivyo, stelingi lazima aumizwe ndio alipe kisasi. Vyombo vikashuka, ukumbi wote makofi. Ilipotajwa Sudan kuna kijana akapiga kelele "wameshafika jirani!" na watoto wakajificha kwenye mabuibui ya mama zao, mimi niko nyuma kwenye mashine nasema alhamdulillah. Halafu dakika thelathini, dakika arobaini, hakuna risasi hata moja. Kuna mwanamke mtaalamu wa lugha ameshika kibao cheupe ameandika neno moja anawaonyesha, na kiumbe mwenye miguu saba yuko upande wa pili wa kioo, ndani ya ukungu, anajibu kwa kumwaga wino mweusi unaojikunja duara. Mstari wa mbele walikuwa wamekaa wavuvi wa Deep Sea, pale wanaposhusha samaki hapa Tanga, na mzee mmoja kavaa kanzu yake ya Iddi imepigwa pasi mpaka inang'aa akasema, wala hakupaza sauti, ila ukumbi ulikuwa kimya wote tukasikia:

"Huyu ngisi huyu."

Basi. Ukumbi ulianguka. Kile kicheko hakikuwa cha watu wanaofurahia picha, kilikuwa cha watu waliokwishaiacha. Kuanzia hapo kila wino ukimwagika wanaitikia kwa pamoja "ngisi!", nyuma vijana wanauliza stelingi nani, adui yuko wapi, mbona huyu mama hapigi mtu, na wengine wanapiga kelele TAFSIRI, TAFSIRI, maana nilikuwa nayo ya Kiingereza na maandishi ya Kiingereza chini. Picha nzima inahusu watu wanaohangaika kuelewana lugha na mimi nimewaketisha watu 212 bila kuwapa hata neno moja la lugha yao. Kuna bomu moja tu linalipuka katika dakika zote 116 za picha, na lilipolipuka nusu ya watu walikuwa mlangoni kwangu wameshika tiketi. Kuna baba alikuja na watoto wanne, hakunitukana, alinyoosha tu mkono nikampa elfu sita yake akasema wewe kijana ulisema vita. Matusi ya wale vijana nimeshayasahau ila hilo neno silisahau.

Walibaki kama ishirini na tano. Kati yao kuna mama mmoja alikaa pembeni karibu na feni, mtoto kalala mapajani, hakusimama mpaka majina yakaanza kupanda. Nilipokwenda kuzima mashine nikaona anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Akaniuliza, "Yule mtoto aliyekufa mwanzoni, kumbe alikuwa bado hajazaliwa?" Sikuwa na jibu kwa sababu nilikuwa sijaitazama, nilikuwa nahesabu hela za kurudisha. Nilikuja kuiangalia wiki mbili baadaye peke yangu, na ndiyo, yale ya mtoto mwanzoni ni mambo ambayo yule mtaalamu wa lugha anayaona kabla hayajatokea, na yule mama wa kwenye feni aliielewa picha kuliko mimi, kuliko jamaa wa Dar, na Kiingereza hajui. (Samahani kwa wasioiona nimewaharibia.) Hapo ndio nikaelewa wale wa mtandaoni walikuwa wanalia nini. Walikuwa wanalilia mtoto. Hawakudanganya, mimi ndiye nilisoma machozi yao nikaandika VITA kwenye bango.

Na mjue hizo komenti za mwanzo zinatokeaje. Kampuni ya picha inaita watu wachache waione mapema bure, inawapangia siku ya kuruhusiwa kusema hisia zao mtandaoni, na siku hiyo mara nyingi inatangulia ile ya wahakiki kutoa uhakiki wao kamili. Aliyeitwa bure anapenda aitwe tena. Ukiona asilimia 90 kule Rotten Tomatoes, ile tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, usidhani picha imepata 90 kwa 100, maana yake wahakiki tisa kati ya kumi wamesema inafaa, na wote tisa wanaweza kuwa wamesema inafaa hivyo hivyo tu. Kuna CinemaScore, hawa wanasimama kwenye majumba ya sinema Marekani na Canada usiku wa kwanza wanawapa kadi watazamaji wenyewe wajaze, daraja kuanzia A+ mpaka F. Watu wa usiku wa kwanza ni wale waliokuwa wanaisubiri picha kwa hamu, ndio maana hapo B si alama ya kujivunia. Arrival wahakiki waliibeba juu kabisa, watazamaji wa usiku wa kwanza wakaipa B. Ilikuwa wazi kwa yeyote, ningeitafuta dakika tano ningejua hata kwao kuna watu waliingia wakitaka vita wakakuta darasa. Sikuitafuta kwa sababu nilishaamua.

Halafu watazamaji wenyewe wanatofautiana kwa mahali na kwa wakati, hili watu hawalisemi. Chukua District 9 ya 2009, viumbe wamekwama Johannesburg wanakaa kwenye mabanda ya mabati, wenyeji wanawaita kamba, ndiyo kamba hawa wa baharini. Marekani iliingia kuwania Oscar ya picha bora, Nigeria serikali ikataka iondolewe kwenye sinema kwa jinsi Wanigeria walivyoonyeshwa mle. Picha moja, mwaka mmoja. Na The Thing ya 1982 ilitoka wiki mbili baada ya E.T., watu wametoka kumpenda mgeni mpole wa watoto, wanaletewa anayeingia mwilini mwa mtu, wakaikataa, wahakiki wakaikanyaga, na leo inatajwa kwenye zile bora kabisa za aina yake. Sasa wewe komenti ya kijana wa Los Angeles ya Ijumaa iliyopita itakwambia nini kuhusu mama wa Mabawa na watoto wake Iddi pili?

District 9 niliionyesha 2018, kibandani kwangu tu, imetafsiriwa. Lakini kabla ya hapo niliiangalia mpaka mwisho na watu sita wa mtaani, nikakaa nyuma yao sitazami picha natazama migongo yao. Mtu akichoka utaona bega, anaegemea, anatoa simu. Walitoa simu mara moja tu. Niliionyesha siku tatu na ilijaza.

Kwa hiyo ninachokwambia ni hicho kimoja na nitakirudia mpaka unichoke. Iangalie mwenyewe mpaka mwisho, na watu wa mtaani kwako, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni. Sio treila, sio nusu, sio umehadithiwa. Na watu hao wasiwe rafiki zako wa kijiweni wanaopenda unachopenda wewe, awepo mtu mzima, awepo mama, awepo mtoto wa miaka kumi. Kuhusu projekta, hata ukipata ile inayong'aa mchana kweupe kama hujaiona picha unawaangazia watu kitu usichokijua, kwa hiyo rudi kwenye nilichosema. Kuna wachangiaji hapo juu wameandika "weka tu mkuu, Tanga watu wanapenda sinema". Anayekwambia weka tu muulize kama atachangia ukumbi. Na anayetaka kunicheka mimi anicheke akishamaliza kurudisha mchezo wa mke wake, mimi niliurudisha kwa miezi saba na cherehani ilinunuliwa mwaka uliofuata.

Huyo mwenye ukumbi mwambie kesho hutaweza kufika, kama anakutaka atakusubiri, na kama hasubiri Tanga kumbi zipo. Hiyo picha ukishaipata nipigie. Yule mzee wa kanzu bado anashusha samaki Deep Sea na tumekuwa marafiki, yule mama yupo Chumbageni na mtoto wake sasa ana akili zake. Nitawaita wote, tuiangalie hapa kwangu usiku mmoja baada ya Isha, mihogo na chai ni juu yangu, wewe kaa nyuma na mimi. Bei ya ukumbi tutaiongea asubuhi yake.