Binti anayepona anoreksia amejaza kipimo cha haiba: matokeo yatumike?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa malezi katika sekondari ya bweni. Nina binti wa kidato cha tano aliyerudi shule huku akiendelea na matibabu ya anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa. Alijaza mtandaoni kile kipimo cha haiba chenye aina 16, akatoka INTJ, yaani mtu wa kujitenga, wa kufikiri na mpenda mpangilio. Sasa kila nikimgusia chakula ananijibu, "Mwalimu, mimi ndivyo nilivyo." Nitumie matokeo hayo kumsaidia, au niachane nayo?

JIBU: Herufi hizo nne ziweke kando, Mwalimu, ila mazungumzo aliyoyafungua usiyaache.

Kipimo hicho kilitungwa Marekani na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, wakijengea juu ya mawazo ya mwaka 1921 ya mtaalamu wa akili Carl Jung. Kinawakata watu katikati: ukizidi nusu kidogo unaitwa mchangamfu, ukipungua kidogo unaitwa wa kujitenga. Ndiyo maana wengi wakikirudia baada ya wiki chache hutoka na aina nyingine. Tiba haipangwi juu ya kitu kinachoyumba hivyo.

Lakini kwa binti huyu kuna kikwazo kikubwa zaidi, nacho ni njaa. Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, waliochaguliwa kwa uzima wa mwili na akili. Kwa miezi sita walikula nusu shibe hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Wakawa wakali, wakajitenga na wenzao, wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi na kuchezea chakula sahanini muda mrefu. Hakuna aliyekuja na anoreksia. Basi binti akijaza dodoso kabla mwili haujashiba sawasawa, sehemu ya majibu yanajazwa na njaa.

Hata hivyo hulka ipo, na tunaitumia. Wengi wenye anoreksia walikuwa waoga wa kukosea na wapenda mpangilio tangu utotoni. Mwaka 2001 watafiti Drew Westen na Jennifer Harnden-Fischer waliona makundi matatu kati ya wenye matatizo ya ulaji: wanaofanya vizuri lakini hawajisamehei kosa, wanaojibana kupita kiasi, na wanaolemewa na hisia zao. Hilo la tatu, ambalo huonekana sana kwenye bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha), linahitaji msaada tofauti kabisa, kwa hiyo haya ninayokuambia usiyahamishie kwa mwanafunzi mwingine.

Akisema "ndivyo nilivyo", muulize: "Ulipokuwa darasa la sita, huo upangaji wako ulikuwa unaufanyia nini?" Pengine alipanga madaftari, au alipanga zamu za kufagia. Mama yake atakumbuka. Hiyo ndiyo hulka yake. Kukataa chakula kumekuja baadaye.

Kisha mpe hulka hiyo kazi. Mtu wa namna hii usimuulize bwaloni "leo utakula kiasi gani?", maana swali hilo litamtesa mpaka kengele ilie. Mtaalamu wa lishe wa kliniki aandike mpango wa wiki nzima: uji asubuhi na kitafunwa chake, ugali na maharage mchana, vipimo vyote vimetajwa. Matroni ndiye apakue, si binti. Akianza kuomba apunguziwe, matroni asibishane naye. Aoneshe karatasi tu. Wasiojua hudhani huo ni ukali, kumbe unampunguzia maamuzi.

Kuna mtego hapo. Mpenda mpangilio anaweza kuugeuza mpango kuwa sheria mpya, asionje hata kipande cha chapati ambacho hakikuandikwa. Kwa hiyo juu ya karatasi iandikwe wazi kwamba hicho ni kiwango cha chini, kuzidisha ruksa. Uzito ukishatulia, kliniki ikikubali, muongezee vurugu ndogo za makusudi: mlo mmoja wa wiki auchague rafiki yake.

Mwambie na tabibu wake habari za kipimo hicho, asije akasikia baadaye. Na binti akizimia, moyo ukienda mbio au polepole isivyo kawaida, akianza kutapika chakula au uzito ukishuka tena, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri zamu ya kliniki.