Kabla hujalipa kodi ya nyumba Mwanza, pima antena kwanza

Anayetafuta nyumba ya kupanga hapa Mwanza huuliza maji, umeme, barabara na umbali wa kituo cha daladala. Mimi huongeza swali moja: antena inashika? Nyumbani kwangu naishi na mama yangu mzazi, ambaye hakosi taarifa ya habari ya saa 2 usiku, na wanangu wako shuleni. Mwezi wa ada ukifika, kifurushi cha televisheni ndicho cha kwanza kusitishwa. Chaneli za bure za antena haziulizi mshahara umeingia au bado. Ndiyo maana nyumba inayoshika vizuri naihesabia unafuu wa kila mwezi, hata kama kodi yake imezidi kidogo ya nyumba ya jirani.

Mitambo ya analojia ilizimwa Mwanza mwishoni mwa Februari 2013, miezi miwili baada ya Dar es Salaam. Zamani mawimbi yakiwa dhaifu uliangalia mpira kwenye picha yenye chengachenga na maisha yakaendelea. Dijitali haina huruma hiyo. Mawimbi yakitosha, picha ni safi kabisa. Yakipungua kidogo tu, picha inaganda, sauti inakatika, kisha kioo kinakuwa cheusi. Watu wengi walihamia kwenye dishi, lakini mwaka 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilipozuia ving'amuzi vya kulipia vya dishi visibebe chaneli kama ITV, EATV, Channel Ten na Star TV yetu ya hapa Mwanza, mtaani kwetu antena zilirudi juu ya mapaa kwa kasi. Mambo yamebadilika tangu wakati huo, ila mimi king'amuzi cha antena sijakiacha. Mvua kubwa ya huku Kanda ya Ziwa ikimwagika, dishi hupoteza mawimbi. Mawimbi ya antena hayajali mvua.

Yanachojali ni kilima. Mawimbi ya UHF, yaani yale yanayobeba televisheni ya antena, husafiri kwa kunyooka, karibu sawa na macho yako yanavyoona: palipo na mwamba kati yako na mnara wa kurushia televisheni, hayapenyi. Na mji wetu ni miamba mitupu. Ndiyo maana nyumba mbili za mtaa mmoja, moja upande wa kilima unaotazama mnara na nyingine ukingo wa pili, zinaweza kutofautiana kabisa. Usiridhike na jibu la “Isamilo inashika” au “Mabatini haishiki”. Uliza nyumba hiyo hiyo, upande huo huo wa kilima. Na usidanganywe na mnara wa simu ulio jirani; simu kushika vizuri hakukuambii lolote kuhusu televisheni.

Kitu cha kwanza ninachofanya nikifika ni kuangalia juu. Antena za majirani zinasema mengi kuliko dalali. Zikiwa nyingi na zote zimeelekea upande mmoja, hapo pana mawimbi, na tayari umejua pa kuelekeza ya kwako. Angalia pia vijiti vyake: vimelala au vimesimama? Fuata vivyo hivyo, kwa sababu antena iliyolazwa haipokei vizuri mawimbi yaliyorushwa kwa kusimama. Ukikuta mtaa mzima ni madishi matupu, bisha hodi kwa jirani umuulize sababu. Pengine wana uwezo tu. Pengine walijaribu wakashindwa.

Kisha napima. Dalali akisema “Hapa zote zinashika, dada,” namjibu kwamba nashukuru, nitakuja kesho na vifaa vyangu. Nabeba televisheni ndogo, king'amuzi, antena ya nje na waya mrefu. Antena naifunga kwenye fito ndefu, mtu anaishika nje, mimi nakaa ndani nikitazama kioo. Kwenye menyu ya king'amuzi kuna mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wake. Wengi hutazama nguvu peke yake. Ubora ndio unaoamua. Nimeshaona Nyakato nguvu imejaa karibu mstari wote huku ubora ukirukaruka chini, picha inaganda kila mara. Mawimbi yalikuwa yanafika yakiwa yamegonga mawe na kuta, yanaingia kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Pale busta, kifaa cha kukuza mawimbi, haisaidii, kwa sababu inakuza mazuri na mabaya pamoja. Tulichofanya ni kusogeza antena hatua chache hadi kona ya pili ya nyumba, ubora ukapanda na kutulia. Hivyo usikate tamaa mahali pa kwanza. Zunguka nyumba yote, na ngoja dakika kadhaa kila unaposimama.

Antena ya ndani siiamini kwenye nyumba ya bati. Bati ni chuma, linazuia mawimbi.

Kimo nacho kina hesabu yake. Kwenye ardhi tambarare au juu ya maji, upeo wa mawimbi kwa kilomita ni takriban 4.1 mara kipeuo cha pili cha urefu kwa mita. Antena ya mita 4 inakupa kilomita 8 hivi, ya mita 9 inakupa 12. Unajumlisha na upeo wa mnara wenyewe: mnara wa mita 100 una kilomita 41. Kwa hiyo aliye Kamanga, ng'ambo ya ghuba, mwenye maji matupu mbele yake, anaweza kupata picha safi kuliko mtu aliyejificha bondeni katikati ya jiji. Nyumba za ufukweni zina jambo moja la kuangalia: hewa ya juu ya ziwa hubadilika kati ya asubuhi, mchana na usiku, na mawimbi hubadilika nayo. Huko pima jioni, saa ambazo familia inakaa kutazama, hata kama mchana ulipata matokeo mazuri.

Kwa maeneo yanayojengwa kwa kasi kama Buswelu na Kiseke, tazama kiwanja kilicho kati yako na mnara. Msingi mnene wenye nguzo za zege ni ghorofa inayokuja, na mawimbi yako yanaweza kuondoka nayo.

Radi usiichukulie kirahisi. Ukanda huu wa ziwa una radi nyingi, na nguzo ya chuma juu ya nyumba inazialika. Mpe fundi umeme kazi ya kuunganisha nguzo na waya wa ardhini, na mawingu mazito yakianza kukusanyika, kabla hayajanguruma, chomoa waya wa antena pamoja na plagi ya umeme. Mama yangu hulalamika habari zikikatika namna hiyo, lakini hapo simsikilizi.

La mwisho ni mwenye nyumba, na ni la kumaliza kabla hujatoa kodi ya miezi 6 mkononi. Wengi wanaogopa bati lao litobolewe. Mmoja aliniambia, “Mwanangu, juu ya bati langu sitaki fundi.” Nikamjibu, “Shikamoo mama, sitoboi kitu, nguzo nitaisimika chini pembeni ya ukuta, na nikihama nang'oa.” Alikubali, na tukaliandika kwenye mkataba kwa sentensi moja. Ukikataliwa kabisa na ndani hakushiki, mshukuru, endelea kutafuta.