Oili kwenye intakula: usikimbilie kununua turbo

Ndugu, umesema umekuta kikombe kizima cha oili ndani ya intakula, yaani kipoza hewa kilicho kati ya turbo (feni inayosukuma hewa) na injini, na unafikiria kununua turbo mpya. Utando mwembamba wa oili kwenye hosi za hewa ni kawaida. Injini nyingi za dizeli hurudisha kwenye hewa inayoingia injini ule mvuke wenye oili unaotokana na gesi zinazopenya ringi za pistoni. Lakini kikombe kizima ndani ya intakula, kama ulivyosema, si kawaida.

Anza na vitu rahisi. Chujio la hewa likiziba, turbo hunyonya kwa nguvu na kuvuta oili kupitia sili zake (vizuizi vya oili). Kisha angalia bomba linalorudisha oili ya turbo kwenye sampu (karai la oili chini ya injini). Likiziba au kupinda, oili hukosa njia na kuvuja kupitia sili. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, shafti ya turbo ishike kwa vidole na kuitikisa: mapanga yake yakigusa ukuta, turbo imekwisha. Moshi ukifoka kwenye kipumulio cha injini (tundu la kutolea mvuke wa ndani), mara nyingi tatizo ni ringi, na hapo turbo mpya haitakusaidia.

Intakula ifungue, ioshe kwa mafuta ya taa, imwage, ipulize kwa kompresa hadi ikauke KABISA. Tafadhali usiwashe kabla. Injini ikinyonya oili au mafuta hayo hujipandisha mizunguko yenyewe, na kuzima swichi hakuizimi. Lazima uizibe hewa, kwa ubao, kamwe si kwa mkono.