Nokia ya vitufe kuwa modemu ya laptopu

Ukijiuliza kama Nokia ya zamani ya vitufe inaweza kuiunganisha laptopu yako na intaneti, jibu ni ndiyo, mradi simu yenyewe ina GPRS, EDGE au 3G, yaani njia za simu za kupitisha data. Katochi, yaani kasimu kadogo ka tochi, kama Nokia 1100 au 1280 haifai, haina data kabisa.

Tumia waya wa USB au Bluetooth. Kwenye Windows weka Nokia PC Suite, programu ya zamani ya Nokia, ndiyo inayoleta madereva (programu ndogo za kuiwezesha laptopu kuitambua simu), kisha laptopu itaiona simu kama modemu. Tengeneza muunganisho wa kupiga namba (dial-up), na namba ni *99#. Jina na nywila mara nyingi huachwa wazi. Watu wengi hukwama kwenye APN, yaani jina la lango la intaneti la kampuni ya simu: lazima iwe ya mtandao wa laini yako, na ya MTN siyo ya Airtel, kwa hiyo piga huduma kwa wateja uwaombe waitume. Mimi hutengeneza laptopu za wanafunzi hapa Mbarara, Uganda, na karibu kila inayogoma kuunganika tatizo huwa ni APN wala si simu.

Kasi usiitegemee sana. EDGE kwa kawaida haivuki kilobiti 240 hivi kwa sekunde: barua pepe na kutuma kazi ya chuo sawa, video hapana. Tena kwenye 2G (yaani GPRS na EDGE) ukipigiwa simu na ukaipokea, data husimama mpaka ukate. Na tafadhali zima masasisho ya Windows kabla hujaunganisha, yatakula bando lote kabla hujafungua hata ukurasa mmoja.