Maswali ya Wasomaji: Mpaka wa baharini umelala kusini-mashariki kwa nini?

Barua nyingi za safari hii zinahusu kesi ya mpaka wa baharini ya Somalia dhidi ya Kenya, iliyofunguliwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague tarehe 28 Agosti 2014 na kuamuliwa tarehe 12 Oktoba 2021. Tumechagua tano.

Wahariri, salaam. Tumekua tukiambiwa kwamba mpaka wetu na Somalia ukishaingia baharini unakwenda mashariki moja kwa moja. Ramani mpya inaonyesha mstari umelala kusini-mashariki. Nani kaupinda? — Msomaji, Lamu

Hakuna aliyeupinda, ndugu yetu. Iliyolala ni pwani yenyewe. Kutoka Lamu kwenda Kismayu mwambao unaelekea kaskazini-mashariki, kwa hiyo mstari unaouacha kwa pembemraba hauna budi kwenda kusini-mashariki. Kenya ilidai mstari ufuate latitudo, yaani mashariki kamili. Somalia ilidai mstari wa umbali sawa. Kati ya madai hayo mawili ilibaki pembetatu inayopanuka kadiri unavyokwenda mbali na nchi kavu, na eneo lake lilizidi kilomita za mraba 100,000. Ugomvi wote ulikuwa humo.

Ukitaka kuona mahakama inavyofanya, chukua ramani ya bahari, bikari na penseli. Mwanzo ni pale mpaka wa nchi kavu unapogusa maji. Bikoni (nguzo ya mpaka) ya mwisho, namba 29, ilisimikwa enzi za Waingereza na Waitaliano karibu na Ras Kamboni, mahali panapoitwa Dar es Salam (msiichanganye na jiji la Tanzania). Kutoka hapo unashuka hadi ukingo wa maji kupwa, kwa sababu sheria ya bahari hupima pwani maji yakiwa yamekupwa, si yakijaa. Sasa weka ncha ya bikari baharini, uisogeze mpaka duara liguse kwa pamoja sehemu ya karibu kabisa ya pwani ya Kenya na ya Somalia. Tia nukta. Sogea mbele, fanya hivyo tena, kisha unganisha nukta zako. Huo ndio mstari wa umbali sawa, na ni wa muda tu.

Mahali pa kukosea ni visiwa vidogo. Kijisiwa kikavu kilicho karibu na mwanzo wa mstari kinaweza kuusukuma kupita kiasi kwa sababu pale duara bado ni dogo. Ndiyo maana majaji waliviacha vijisiwa vya Diua Damasciaca na kupima kutoka bara peke yake.

Hatua ya pili ni kuuliza kama mstari huo unamwonea mtu. Kenya imekaa kwenye mbonyeo: juu yake Somalia, chini yake Tanzania, na kisiwa cha Pemba kimejitokeza baharini upande wa kusini. Mstari wa umbali sawa ungeifinya zaidi kila unapokwenda mbali. Kwa hiyo mahakama iliuacha mstari ulivyo ndani ya maili 12 za baharini za kwanza, kisha kuanzia hapo ikausogeza kaskazini, kwa faida ya Kenya. Unaanza na nyuzi 114 ukihesabu kutoka kaskazini kwa mwendo wa saa. Mashariki kamili ni nyuzi 90, kwa hiyo mstari umelala nyuzi 24 kusini ya pale Kenya ilipopataka.

Hatua ya tatu ni kupima kama mgawanyo umepita kiasi. Pwani iliyohusika upande wa Somalia ni kilomita 733, ya Kenya 511. Katika eneo lote lililopimwa Kenya ilipata kilomita za mraba 120,455 na Somalia 92,389. Wanaosema Kenya ilitoka mikono mitupu hawajazisoma hesabu hizi. Wala majaji hawakuwa na sauti moja: mstari uliosogezwa ulipita kwa kura 10 dhidi ya 4, na sehemu iliyo nje ya maili 200 kwa kura 9 dhidi ya 5.

Kenya ilitangaza mpaka wake mwaka 1979, Somalia ikanyamaza. Shamba, mtu akilikalia miaka 12 bila kufukuzwa, linaweza kuwa lake. Baharini kimya hakihesabiki? — Msomaji, Mombasa

Kinahesabika, ila kipimo chake ni kigumu kuliko cha shamba. Mwenye kudai lazima aonyeshe kwamba dai lake lilikuwa lilelile miaka yote, tena wazi kiasi cha kumlazimu jirani ajibu, na kwamba jirani alilikubali bila kutangatanga. Kenya iliangushwa na makaratasi yake yenyewe. Tangazo la 1979, kama lile la 2005, lilitaja latitudo, lakini sheria yake ya bahari ya kitaifa (maili 12 za kwanza) ya mwaka 1972 ilitaja mstari wa katikati, na ile ya mwaka 1989 ilisema mpaka wa ukanda wa uchumi (maji ya kutoka hapo hadi maili 200) utawekwa kwa makubaliano na jirani. Makubaliano hayo hayakuwahi kufanyika. Isitoshe, tarehe 7 Aprili 2009 nchi hizo zilitia saini hati ya maelewano jijini Nairobi inayotaja kwamba kuna mgogoro wa mpaka. Mtu hawezi kukiri ugomvi upo halafu adai ulikwisha miaka thelathini iliyopita. Majaji walizingatia pia kwamba Somalia ilikuwa vitani na haikuwa na serikali kamili kwa miaka mingi tangu 1991. Kwa hoja hii hawakugawanyika hata mmoja.

Shikamooni. Ninavua na wenzangu kati ya Vanga na Tanga. Tukivuka mpaka tunaweza kufungwa? — Mvuvi, Kwale

Marahaba. Jibu linategemea mko maili ngapi kutoka pwani. Maili ya baharini ni mita 1,852. Mpaka maili 12 (kilomita 22.2) ni bahari ya kitaifa, na humo sheria ya nchi inakubana karibu kama nchi kavu, kifungo kikiwemo. Kutoka hapo hadi maili 200 (kilomita 370.4) ni ukanda wa uchumi: nchi ina haki juu ya samaki na mafuta, ila maji si ardhi yake. Kwa kosa la uvuvi huko, ibara ya 73 ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 inakataza kifungo, isipokuwa nchi husika zimekubaliana vinginevyo. Chombo na mabaharia wanapaswa kuachiliwa haraka dhamana ya kiasi ikiwekwa, na nchi yao ijulishwe mara moja.

Nyinyi lakini mna la ziada. Kenya na Tanzania ziliwekeana mpaka wa baharini kwa barua za tarehe 17 Desemba 1975 na 9 Julai 1976, na ndani yake zikakubaliana kwamba wavuvi wenyeji wanaovua kwa kujikimu waruhusiwe kuvua hadi maili 12 kila upande wa mpaka huo, kwa kufuata kanuni zilizopo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayowaponza watu. Leseni, usajili wa chombo na aina ya nyavu bado vinakaguliwa, na anayevua kibiashara kwa nyavu kubwa hawezi kujificha nyuma ya neno kujikimu.

Kagueni pia GPS. Ikiwa imewekwa kwenye maili za barabarani, za mita 1,609, ikisoma 12 mko kilomita 19.3 tu, na bahari ya kitaifa imebaki karibu kilomita tatu. Halafu mfumo wa ramani: ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania zimechorwa kwa Arc 1960, wakati GPS husoma WGS 84. Mkinakili nukta ya ramani bila kuibadilisha, mnakosea kwa takriban mita 300. Kwa anayetega jarife mpakani, mita 300 zinatosha kumpandisha kizimbani.

Jambo jingine ni neno "bahari kuu". Huko Tanzania, mamlaka inayosimamia uvuvi wa bahari kuu inashughulika na ukanda wa uchumi, lakini katika sheria ya kimataifa bahari kuu, isiyo ya nchi yoyote, huanza baada ya maili 200. Ukiambiwa una leseni ya bahari kuu, uliza ni ipi.

Kenya imeikataa hukumu. Basi ina kazi gani? — Msomaji, Muscat

Hukumu ni ya mwisho, haina rufaa. Kenya haikuhudhuria vikao vya Machi 2021, na tarehe 24 Septemba mwaka huohuo iliondoa tamko lake la kukubali mamlaka ya mahakama, lakini kuondoka hivyo hakufuti kesi iliyokwisha kufunguliwa. Njia moja iliyobaki ni kuomba marejeo kwa jambo jipya ambalo halikujulikana wakati wa hukumu: ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu ligunduliwe, na kabla ya miaka 10 ya hukumu kupita, yaani Oktoba 2031. Kwa utekelezaji, Somalia inaweza kwenda Baraza la Usalama. Anayebanwa zaidi ni mwekezaji: kampuni ya mafuta inayojali mtaji wake haitoboi kisima katika kitalu ambacho mahakama imekiweka upande wa pili.

Na Migingo je, maili 12 zake ni za nani? — Msomaji, Kisumu

Hazipo. Migingo ni kisiwa cha Ziwa Victoria. Mkataba wa Sheria ya Bahari hautumiki humo, na kisiwa cha ziwani hakizai maili yoyote. Mpaka wa Kenya na Uganda ziwani unafuata maelezo ya amri ya Waingereza ya mwaka 1926, inayotaja visiwa na pembe zake kimoja kimoja. Ndiyo maana mwaka 2009 Rais Museveni aliweza kusema kisiwa kiko Kenya lakini maji yanayovuliwa ni ya Uganda, bila kujipinga.