Maswali na majibu: netlink, soketi ya kuzungumza na kerneli

Shikamoo mwalimu. Nilijua soketi ni ya kuunganisha kompyuta mbili. Nasikia kwenye Linux programu inaweza kufungua soketi ikaongea na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya mashine hiyohiyo. Inakuwaje?

Marahaba. Soketi zilipoenea na mfumo wa Unix wa 4.2BSD mwaka 1983 hazikufungwa na intaneti peke yake. Unapoita socket() unataja kwanza familia ya anwani. Ukitaja AF_INET unakwenda mtandaoni. Ukitaja AF_NETLINK, familia namba 16, unakwenda kwa kerneli; njia hii ndiyo huitwa netlink. Hakuna kebo inayoguswa. Unatuma kwa sendmsg() na kupokea kwa recvmsg(), na anwani ya kerneli ni sifuri.

Jionee mwenyewe kwa strace, chombo kinachoonyesha programu inavyoiita kerneli: andika `strace -e trace=network ip link`. Utaona amri ya `ip` ikifungua soketi ya NETLINK_ROUTE, ikituma ombi, kisha ikipokea orodha ya kadi zako zote za mtandao.

Mbona ifconfig, amri ya zamani ya mtandao, imetufaa miaka yote kwa ioctl(), wito wa kuiuliza kerneli moja kwa moja? Kuna haja gani ya kuhama?

Kwa ioctl() unauliza, unajibiwa, basi. Kerneli haina namna ya kukuita. Niliwahi kuandika programu iliyouliza hali ya kadi kila sekunde. Kebo ikichomolewa na kurudishwa katikati ya maswali mawili, haikujua lolote. Kwa netlink unajiunga na kundi la RTMGRP_LINK unapofanya bind(), yaani unapoipa soketi anwani, na kadi inapobadilika hali unaletewa ujumbe wa RTM_NEWLINK bila kuomba. Ndivyo `ip monitor link` inavyofanya kazi.

Naongeza njia kwenye jedwali la njia za mtandao. sendmsg() inarudisha idadi kamili ya baiti, lakini nikitazama, njia haipo. Kerneli imeitupa wapi?

Swali hili nalipenda, maana wengi huhangaika nalo siku nzima. sendmsg() ikifanikiwa ina maana barua imefika. Haisemi kama ombi limekubaliwa. Soma jibu.

Weka bendera ya NLM_F_ACK, alama ya kuomba uthibitisho (ACK), kisha ita recvmsg(). Utapokea ujumbe wa aina ya NLMSG_ERROR. Jina lisikutishe: ndani yake kuna namba, na ikiwa sifuri, hakuna kosa. Ikiwa -1, huna ruhusa. Kubadilisha mtandao kunahitaji CAP_NET_ADMIN, ruhusa ya kusimamia mtandao. Ikiwa -17, njia hiyo ipo tayari. Ikiwa -2 kwa njia ya IPv4, angalia kama umesahau NLM_F_CREATE, bendera ya kuunda kipya.

Kuna mtego mmoja mbaya zaidi. Ukisahau bendera ya NLM_F_REQUEST, inayosema kuwa ujumbe ni ombi, kerneli huuruka ujumbe wako bila kuushughulikia, na kama uliomba ACK, bado inakurudishia sifuri! Kwa hiyo anza kukagua hapo.

Halafu pima baiti zako. Kichwa cha ujumbe ni baiti 16: urefu 4, aina 2, bendera 2, namba ya mfuatano 4, na kitambulisho cha mtumaji 4. Baada yake kila kitu hupangwa kwa hatua za baiti 4. Kila taarifa ndani ya ujumbe huitwa sifa, nayo ina kichwa chake. Chukua jina la kadi, «eth0». Herufi ni nne, ongeza baiti ya sifuri ya kufungia, zinakuwa tano. Ongeza kichwa cha sifa, baiti 4, jumla 9. Kwenye sehemu ya urefu andika 9, lakini sifa inayofuata ianzie baiti ya 12, ukihesabu kuanzia sifuri. Ukiianzisha ya 9, kerneli itasoma takataka. Tumia makro za NLMSG_ALIGN na RTA_ALIGN, usihesabu kwa vidole.

Programu yangu ya kufuatilia mtandao hupata kosa la ENOBUFS mashine ikizidiwa. Nilipuuze?

Usilipuuze hata kidogo. Bafa ya soketi yako, yaani kumbukumbu ya kusubirishia ujumbe, imejaa na kuna matangazo yaliyopotea, wala huwezi kujua ni yapi. Picha uliyonayo ya mtandao haiaminiki tena. Omba jedwali zima upya kwa NLM_F_DUMP, soma mpaka ufikie NLMSG_DONE, ujenge picha mpya. Bafa unaweza kuipanua kwa SO_RCVBUF, ila kosa lenyewe bado linaweza kurudi, kwa hiyo njia ya kuanza upya iandike tangu siku ya kwanza.